Deni la sevisi ya sita

Mteja aliyelipia sevisi tano za gari lake amekwisha kulipia na ya sita. Jambo hili husahaulika upesi pale kadi ya zawadi inapowekwa mezani ikiwa imejaa mihuri, mhudumu akaigeuza nyuma na kuanza kusoma masharti ambayo hakuna aliyeyasoma siku ilipotolewa. Sauti hubadilika hapo hapo. Mtu aliyevutiwa kiti na kupewa maji ya kunywa wakati wote alipokuwa analipa, sasa anasikilizwa kwa namna ya mtu aliyekuja kuomba msaada.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme sevisi moja ni Sh90,000, ndani yake mna oili, filta na kazi ya fundi. Ukiahidiwa ya sita bure, maana yake umeuziwa sevisi sita kwa Sh450,000, yaani kila moja Sh75,000. Basi kila ulipotoa Sh90,000, Sh15,000 ilibaki kwa mwenye gereji ikisubiri siku yako. Mara tano ni Sh75,000, bei kamili ya sevisi unayodai. Fedha hizo ni zako. Amekaa nazo yeye, amenunulia mzigo, amelipia pango, na hakukupa hata senti ya faida. Ndiyo maana nasema ni deni, na mdai hapaswi kuinamisha kichwa.

Kadi yangu niliipata kwenye gereji moja kando ya barabara kuu, upande wa Korogwe. Ilikuwa karatasi ngumu nzuri, yenye picha ya galoni la oili na miduara mitano ya kugongea muhuri, na maandishi makubwa: ya sita bure. Ilipojaa nikaipeleka. Kwanza nikaambiwa muda wake umepita, kwa kuwa kadi huishi miezi kumi na miwili. Nilipoonyesha kwamba tarehe ya mwanzo haikuandikwa popote, nikaambiwa sawa, lakini bure ni kazi ya mkono tu. Oili na filta ninunue. Kazi ya mkono ya kumwaga oili, kila mwenye gari anajua, ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika bei. Nilikuwa nimeweka akiba ya Sh75,000 za mfano wangu wa juu, nikapewa haki ya kufunguliwa nati moja.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia kadi za watu wengine, za gereji, za kuoshea magari na za maduka ya matairi, na nimeona kwamba masharti mengi yameandikwa kwa gari ambalo halipo huku. Yanamfaa mtu wa mjini mwenye gari lake mwenyewe, analiendesha mwenyewe, kila siku umbali ule ule juu ya lami. Handeni na Korogwe hazina magari mengi ya namna hiyo.

Chukua mwalimu wa Handeni mjini mwenye gari dogo. Shule ipo karibu, shamba lipo Sindeni, harusi na misiba ipo hapa na pale. Kwa mwezi gari lake linatembea labda kilomita 500. Kama anabadilisha oili kila kilomita 3,000, anafika gereji kila baada ya miezi sita, na kutoka muhuri wa kwanza hadi wa tano ni miaka miwili. Kadi yenye uhai wa mwaka mmoja haiwezi kujaa mikononi mwake, hata awe mwaminifu kiasi gani. Alipokabidhiwa ilikuwa imekwisha kufa, na mwenye gereji, ambaye kila siku anaandika stika za kilomita na kuzibandika kwenye milango ya magari, alikuwa na kila sababu ya kulijua hilo.

Sasa chukua Noah ya abiria inayofanya Korogwe hadi Handeni. Barabara ile ina kilomita 65, lami tupu. Gari likienda na kurudi mara mbili kwa siku limekwisha kutembea kilomita 260, na kilomita 3,000 zinapita kabla ya siku kumi na mbili. Kadi inajaa kwa mwezi mmoja na nusu tu. Kwa siku 300 za kazi ni kilomita 78,000, sawa na sevisi 26 kwa mwaka, na kwa ahadi ya kadi nne kati ya hizo zingekuwa za bure. Huyu ndiye mteja aliyeshikilia gereji isifungwe. Lakini ukisoma chini kabisa, kwa herufi ndogo, unakuta: magari ya biashara hayahusiki.

Kwa hiyo anayeruhusiwa hawezi kujaza kadi, na anayeweza kuijaza haruhusiwi. Sidhani kwamba kila mwenye gereji aliketi akapanga hivyo. Wengi wao wamenakili maneno kutoka kwenye kadi ya Dar es Salaam wakabadilisha jina na namba ya simu. Hata hivyo matokeo ni yale yale kwa aliyelipa, na kutokukusudia hakumrudishii fedha zake.

Liko pia suala la vumbi. Lami ya Mkata hadi Handeni, kilomita 54, na ile ya kutoka Korogwe zimepunguza sana mateso ya magari, lakini ukishaipita Handeni mjini kuelekea Kiberashi au Songe, au ukiingia ndani Kwamsisi, filta ya hewa inajaa kabla hata oili haijaanza kuwa nyeusi. Kwa upande wa Korogwe, gari linalopanda Lushoto kutoka Mombo linakula brekipedi kwenye kilomita 33 za kona kwa namna ambayo gari la Segera halijui. Madereva wa njia hizi wanaomba vitu vidogo: filta ya hewa ipulizwe bila malipo kila wapitapo, breki ziangaliwe kabla hawajapanda mlima, bolti zikazwe. Fundi anatumia dakika kumi, na dereva anafika salama. Zawadi ya namna hiyo ingemfunga mteja kwa gereji mwaka mzima, tena kwa gharama ndogo kuliko galoni la oili. Nimeiona ikifanywa na mafundi wasio na kadi yoyote.

Na pale magari ya biashara yanapokubaliwa, linaloleta ugomvi mkubwa zaidi ni swali la nani mwenye zawadi. Huku kwetu anayeleta gari gereji mara nyingi siye mwenye gari. Tajiri yupo Tanga au Dar es Salaam, au yupo hapa hapa Manundu, mjini Korogwe, anauza duka. Dereva anapeleka hesabu kila jioni. Mafuta ni ya dereva, sevisi ni ya tajiri. Dereva anapewa fedha ya sevisi, anakwenda gereji, kadi inagongwa muhuri na kurudi mfukoni mwake. Siku ya sita tajiri anatuma fedha kama kawaida, maana hajui kwamba kuna kadi. Dereva anatumia kadi na fedha inabaki kwake.

Wapo matajiri wanaouita huo wizi, na wapo madereva wanaosema kwa nguvu zote kwamba ni halali yao, kwa kuwa wao ndio waliochagua gereji, wao ndio waliosubiri juani gari likiwa juu ya jeki. Kila upande una neno. Ila nina hakika na jambo moja: gereji iliyompa dereva kadi isiyo na namba ya gari wala jina la mwenye gari ilijua inachokifanya. Ilikuwa inanunua uamuzi wa dereva kwa fedha za tajiri. Na yakizuka maneno, dereva ndiye anayepoteza kazi, na deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, aliyekuwa akisubiri kijiweni anakabidhiwa funguo siku hiyo hiyo. Gereji inampokea deiwaka kwa kadi mpya.

Dawa yake ni rahisi na nimeipendekeza kwa zaidi ya gereji moja: andikeni namba ya gari kwenye kadi, na zawadi ya sevisi iwe ya gari. Kama mnataka kumshukuru dereva, mshukuruni waziwazi, kwa kitu chake mwenyewe ambacho tajiri akisikia hatakasirika. Mpeni chai, mpeni vocha, mpeni nafasi ya kulaza gari usiku bila kulipia ulinzi.

Ukitaka kuona mpango wa zawadi usiokwama hata siku moja, simama Korogwe saa za chakula mabasi yanapoingia. Mji upo karibu katikati ya safari ya Dar es Salaam na Moshi, na njaa ya abiria hapo ni ya uhakika. Basi linaingia hotelini, abiria wanashuka kukimbilia foleni, na dereva na konda wake wanaelekea mahali walipotengewa. Wanakula vizuri na hawalipi. Hakuna kadi, hakuna muhuri, hakuna aliyewahi kumwambia dereva kwamba chakula chake kimepitwa na muda. Jambo hili kila msafiri wa barabara ile analifahamu, na kila msafiri anajua pia ni nani analipia sahani ile, kwa kuwa bei ya chipsi kuku ya hotelini haifanani na ya mtaani.

Kwa nini ahadi ya hotelini inatimizwa na ya gereji inakwama? Kwa sababu kesho dereva wa basi anaweza kupitiliza na kusimama hoteli ya jirani, akaondoka na abiria wote. Zawadi yake inalindwa na uwezo wake wa kuondoka. Mwalimu wa Handeni mwenye gari dogo hana uwezo huo. Gereji zenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni chache; akigombana na hii, itambidi asafiri hadi Korogwe au Tanga kila taa ya injini inapowaka. Mwenye gereji analijua hilo, na kadi yake inafuata nguvu ya mteja, haifuati uaminifu wake. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu kadi ilitolewa kwa jina la uaminifu.

Sheli nazo zina zawadi zao. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na vituo vingi vinauza kwenye kikomo hicho au karibu nacho. Ushindani wa bei unapobanwa namna hiyo, unatokea pembeni: soda kwa anayejaza lita nyingi, kuoshewa gari, kusafishiwa kioo. Sina ugomvi na soda, maana bei ya lita imebandikwa, mita inaonekana, na soda inanywewa hapo hapo. Gereji haina bei kikomo. Inaweza kupandisha sevisi kwa Sh15,000 wiki ile ile inapoanza kugawa kadi, na mteja asiyekumbuka bei ya mwaka jana atashukuru.

Hata pale kadi inapokubaliwa, kuna hofu ambayo wengi wananong'ona tu: ni oili gani itakayowekwa humo? Mara tano zilizolipiwa, galoni lilifunguliwa mbele ya mwenye gari, kifuniko kikavunjwa huku anaangalia. Ya sita inatoka kwenye pipa la nyuma, inapimwa kwa jagi. Huenda ni oili nzuri kabisa. Lakini mwenye gari hana njia ya kujua, na injini ikianza kugonga miezi mitatu baadaye hatakuwa na pa kwenda kudai. Nawajua watu walioamua kuziacha kadi zao zilizojaa kwenye droo, wakalipa sevisi ya sita kwa fedha taslimu, ili wapate galoni lililofungwa. Fikiria mtu analipa ili aiepuke zawadi yake. Tena oili chafu iliyomwagwa kwenye gari lake inabaki gereji, na hiyo nayo ina mnunuzi: watu huichukua kupaka mbao na nguzo dhidi ya mchwa. Sijawahi kuona kadi inayomhesabia mteja hicho.

Mtindo huu una historia ndefu nje. Marekani, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza mwaka 1896 kuwauzia wafanyabiashara stempu za kugawia wateja, na baadaye vituo vya petroli vikawa miongoni mwa wagawaji wakubwa. Uingereza ilikuwa na stempu za Green Shield tangu mwaka 1958. Watu walibandika stempu kwenye vitabu hadi vijae, kisha wakaenda kuchukua birika au taa. Duka kubwa la Tesco lilizigawa kwa miaka, halafu mwaka 1977 likaziacha, likatumia fedha hizo kushusha bei ya bidhaa, na wanunuzi wakafurika. Wateja wale hawakupiga kelele kudai stempu. Walichokuwa wanakitaka siku zote kilikuwa bei.

Hapa jirani, Safaricom ya Kenya ilianzisha Bonga Points mwaka 2007. Mwaka 2022 ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2023 pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingeanza kufutwa. Malalamiko yakawa makubwa na kampuni ikausimamisha mpango huo. Wakenya walichosema ni kile kile ninachosema kuhusu kadi ya gereji: hizi tulizipata kwa kulipa, si mali yenu ya kufuta. Wao walisikika kwa sababu walikuwa mamilioni. Wenye kadi za gereji moja ya Korogwe hawafiki basi moja, na hawajuani.

Ndani ya miji hii kuna uaminifu mwingine unaofanya kazi vizuri, nao ni wa kijiweni. Kijana wa bodaboda anayeendesha kwa mkataba, akilipa kila siku hadi pikipiki iwe yake, anabadilisha oili lita moja chini ya mwembe. Fundi hana kadi. Ana daftari. Bodaboda akipasuka tairi asubuhi kabla hajapata abiria, fundi anaziba pancha, anaandika, na jioni analipwa. Cheni ikikatika Ijumaa, spea inachukuliwa duka la jirani kwa jina la fundi. Mteja anapata zawadi yake siku anayoihitaji, wakati mfuko uko mtupu, na hasubiri muhuri wa tano. Mama anayeuza nyanya sokoni Handeni anatenda hivyo hivyo anapoongeza moja juu ya fungu: nyongeza inaingia kapuni wakati ule ule, mbele ya macho, na biashara imekwisha. Hana deni nawe, nawe huna cha kumkumbusha.

Wenye gereji kubwa watasema mkopo unaua biashara, na wana haki ya kuogopa. Wanaweza kukataa kukopesha. Wasichoweza ni kukopa kwa mteja, maana kadi ni mkopo kutoka kwa mteja kwenda gereji, halafu wakakataa kulipa.

Kisheria mteja si mtupu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji, na maandishi makubwa ya "bure" yanayokanushwa na herufi ndogo nyuma ni jambo la kuhojiwa. Zawadi ikiwa ya droo, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inahusika. Gereji inayochukua jina, namba ya simu na namba ya gari ili kufungua akaunti ya pointi inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Haikupewa namba yako ili iigawe kwa wauza bima. Lakini ni nani atakayefunga safari ya kwenda kushitaki kwa ajili ya Sh75,000? Nauli na siku za kazi zilizopotea zitazidi deni. Ndiyo maana nadhani kazi hii inamfaa afisa biashara. Handeni na Korogwe kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya, na wenye gereji wanapita huko kwa ajili ya leseni. Afisa akitaka tu nakala ya masharti ya kadi ibandikwe ukutani, mahali pale pale palipobandikwa neno "bure", na kwa ukubwa ule ule wa herufi, nusu ya ugomvi itakwisha.

Mteja naye adai risiti ya EFD kila anapolipa, hata akiwa na haraka. Kadi inalowa, inapotea, muhuri unafutika, na ukiwa kwenye simu, siku ya kudai unaambiwa mtandao unasumbua. Risiti tano zenye tarehe, bei na jina la gereji hazihitaji muhuri wa mtu yeyote. Aandike pia kilomita nyuma yake.

Najua kuna gereji ambazo kwa kweli zimeelemewa. Ziliahidi wakati oili ikiwa bei ya chini, bei ikapanda, na kila kadi iliyojaa inaingia kama hasara. Nazihurumia, na sitaki zifungwe, kwa sababu Handeni isiyo na gereji ya maana ni hasara yetu sote. Zibadilishe masharti kuanzia kadi zitakazotolewa kesho. Ziongeze mihuri iwe minane, ziondoe filta, au ziache kadi kabisa na kushusha bei kwa Sh15,000 kila mara, jambo ambalo mimi ningelipenda kuliko yote. Lakini kadi zilizo mitaani tayari, zilizogongwa mihuri kwa fedha za watu, zilipwe kwa maneno yaliyoandikwa siku zilipotolewa: oili ya galoni lililofungwa, filta, na kazi ya fundi. Na kama gereji haiwezi kulipa zote mwezi huu, imwambie mteja hivyo usoni, imwandikie tarehe, na iweke sahihi.